Sauti Ipo, Picha Hakuna

Gisenyi, 20 Januari 2024

Dada Bushira,

Asalaam aleikum. Sikuandikii kwa kupenda. Simu ningeweza kupiga, lakini ungepokea na mimi ningekosa la kusema, au ningesema mengi mno. Bora karatasi, haijibu hapo hapo.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Ni filamu ya siku ya hina ya binti yangu Kamikazi, ile ya Novemba. Ilipigwa na kamera ndogo ya bwana wake, Mudathiru, ile anayoifunga kwenye kofia akiwatembeza watalii kwa baiskeli kando ya ziwa. Unajua mambo ya hina, mwanamume haingii. Kwa hiyo Kamikazi aliiweka kamera juu ya kabati la vyombo sebuleni, akaiwasha, akaiacha ijipigie yenyewe.

Sasa haifunguki inavyotakiwa. Sauti ipo, picha hakuna. Unasikia vigelegele, unasikia ngoma, unasikia mtu anadai soda yake, na mbele ya macho ni cheusi tu. Wiki ile ile ya harusi niliipeleka kwa Gentil, mwenye studio karibu na soko. Nikamwambia, "Humu iko wanawake hawajajifunika. Utatengeneza bila kuangalia." Akaniuliza, "Mama, mi nitatengeneza picha namna gani bila kuangalia picha? Donc, yaani nifunge macho?" Nikamgeuza akatazama ukuta, mimi nikakaa mbele ya kompyuta. Namwambia ninachokiona, naye ananiambia nibonyeze wapi. Tulishinda hivyo mpaka adhuhuri. Kila nikiulizwa naona nini, nasema cheusi. Mwisho akasema kadi ya kamera ni mbovu, akaniaga.

Ningeiacha hivyo, lakini Kamikazi na Mudathiru wanahamia Kampala kabla ya Ramadhani, na mtoto analia kila siku. Tangu tumzike Mama, anasema hiyo ndiyo filamu pekee ambayo bibi yake yumo anacheka. Wanaume siwezi kuwapa. Mwanamke anayeijua kazi hii na ambaye macho yake si haramu kwetu ni wewe peke yako. Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea. Usikasirike, ni methali tu.

Tengeneza, uirudishe kwa basi. Sikuweka kitu kingine ndani ya bahasha.

Kaltumu


Nyamirambo, Kigali, 27 Januari 2024

Kaltumu mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Nimepata flashi. Viazi vya Mudende hukuweka, nimeona, nimeshukuru hivyo hivyo.

Mwambie Gentil kadi si mbovu. Kamera hizi mpya zinaikunja picha kwa namna mpya, zinaibana sana ili iingie nyingi, kama unavyolibana balo la vitenge dukani kwako. Programu yake ya kuhariri ni ya zamani, haijui kulifungua balo hilo. Sauti imefungwa kwa namna ya kale, ndiyo maana ilikuwa inasikika muda wote. Nimeifungua picha kwa programu nyingine, nimeikunja upya kwa namna ya zamani, imetokea. Midomo ilikuwa inachelewa nyuma ya maneno, nimeirekebisha pia. Kazi yenyewe haikumaliza hata saa moja. Nilimtoa bwana wangu Théoneste studio, nikafunga mlango. Si Mwislamu, lakini ameoa kwetu na adabu ya hina anaijua, msiseme nimeitupa.

Nimemwona Mama. Amevaa kile kitenge cha kijani, amekaa kwenye mkeka na miguu ameinyoosha. Anacheka na jirani, anatafuta kiatu chake kimoja kwa mkono. Nilisimamisha picha hapo nikalia mpaka Théoneste akagonga mlango. Miaka minane sijauona uso ule, na wewe unajua kwa nini. Niliolewa na mtu wa kanisa, Mama akaapa sitakanyaga mlango wake. Kabla ya hina nilikupigia simu nikakuuliza, "Naweza kuja?" Ukanijibu Mama hataki hata kusikia jina langu. Nikaja siku ya tanzia, wakati mmeshazika, ukanikuta mlangoni ukaniambia, "Mama amekufa hajakutaja." Maneno hayo nimelala nayo, nimeamka nayo. Radhi ni bora kuliko mali, Kaltumu. Mimi mali sina, na radhi sina.

Sasa nisikilize. Kamera hii inaikata filamu ndefu vipande vipande yenyewe, na kila kipande inakipa namba. Wewe umeniletea cha kwanza, cha pili na cha nne. Cha tatu hakipo. Mwisho wa cha pili kiganja cha Mama ni cheupe na wanawake wanatoka kuwapokea wakwe. Mwanzo wa cha nne wakwe wameshakaa na Mama ana tone la hina kiganjani. Unaijua ada ya nyumba yetu: bibi hupakwa kwanza, tena anapakwa na binti yake mkubwa, ndipo bibi ampake bi harusi. Binti mkubwa ni mimi, na sikuwepo. Nani alimpaka?

Kitume kipande cha tatu. Na tafadhali nijibu hili moja kwa moja: Mama hakuacha neno lolote kwa ajili yangu?

Dada yako,
Bushira


Gisenyi, 1 Februari 2024

Bushira,

Nilikuambia utengeneze, si uandike mengi.

Kipande hicho kiliharibika, hakimo. Kamera ni mashine, huzimika. Hina nilimpaka mimi, nani mwingine? Ulitaka tumwite jirani? Unataka kila kitu cha nyumba hii kikungoje wewe, umekaa Kigali unahesabu vipande.

Unauliza neno. Neno halikuwepo. Ukiondoka nyumbani kwa miguu yako, usitake watu waliobaki wakuokotee maneno ya marehemu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, dada. Mapenzi ya mbali nayo hayamgeuzi mgonjwa kitandani.

Unga hivyo vitatu ulivyo navyo, tia muziki pale panaporuka. Wanawake hawatajua. Kamikazi anangoja.

Kaltumu


Gisenyi, 5 Februari 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Ni mimi Kamikazi. Mama hajui kama nakuandikia. Bahasha hii nimempa dereva wa basi mkononi, yule Sebagabo wa Mahoko, ameniahidi hatamkabidhi mtu mwingine.

Nimeona barua yako mezani kwa Mama, ile inayouliza kipande cha tatu. Nisamehe, nimeisoma. Nimeshangaa, kwa sababu mimi nilipoitoa kamera kabatini jioni ile ilikuwa bado inawaka. Haikuzimika hata mara moja. Nikamuuliza Mama, akaniambia niende nikaangalie maharage jikoni. Maharage yalikuwa yameshaiva.

Basi nakuletea kadi yenyewe. Mama aliichukua kwa Gentil, aliporudi akaniambia ni mbovu, nikaiweka kwenye pochi yangu ya harusi. Mudathiru alinunua nyingine, hii hajaigusa tena. Labda wewe utapata kitu.

Kuna jambo lingine ambalo naona ulijue. Mimi wakati wa hina nilikuwa chumbani navalishwa, sikuona yaliyotokea sebuleni. Lakini asubuhi ya siku hiyo, nilipokuwa naweka kamera, Bibi aliniuliza, "Hii kakitu kadogo, nani atatoa picha zake?" Nikamwambia, "Ni mama mukubwa, kule Kigali. Wanaume hatuwezi kuwapa." Akacheka. Akaniambia niigeuze kidogo ielekee pale anapokaa yeye. Nilidhani anataka kupendeza tu.

Nilitaka sana uwepo siku ile. Mama alituambia wewe ndiye uliyekataa.

Mwanao,
Kamikazi


Nyamirambo, 10 Februari 2024

Kaltumu,

Kipande cha tatu nimekipata.

Gentil alikufundisha kubonyeza, ukajifunza na kufuta. Lakini ukifuta kitu kwenye kadi, kadi haikichomi moto. Inaondoa jina lake mlangoni tu, mwenyewe bado yumo ndani mpaka aletwe mwingine alale mahali pake. Hakuletwa mwingine. Nimekitafuta, nimekifungua kama vile vingine, na nimekitazama. Nitakuandikia kilichomo, ili usije ukasema tena kwamba kiliharibika.

Wanawake wote wametoka, wanaimba uani na wakwe. Mama amebaki kwenye mkeka kwa sababu ya miguu. Wewe umesimama na bakuli la hina. Mama anakuuliza, "Kaltumu, dada yako iko wapi? Hina inakauka."

Unamjibu, "Hatakuja. Nilimupigia. Amesema ye hana mama."

Nimeuona uso wa Mama ukishuka, Kaltumu. Picha ni safi sana, kamera ile ni nzuri. Halafu wewe unapiga goti, unachovya kidole, unasema, "Leta mukono, mama, mi nikupake." Naye anakunja ngumi. "Acha. Hii si ya we. Hii ni ya mukubwa." Unalitua bakuli kwa kishindo, unatoka.

Anabaki peke yake. Anafuta uso kwa pembe ya kitenge. Kisha anainua macho kwenye kabati, anaangalia kamera moja kwa moja, na anasema haya. Nimeyaandika kama alivyoyasema, sikupunguza:

"Bushira. Kamikazi anasema hii kitu ni we utaifungua kule Kigali. Bon. Basi unisikilize. Wananiambia umesema huna mama. Mi sijui kama ni kweli, mi niko muzee, naambiwa tu. Kama ulisema, ulisema na hasira, na hasira uliitoa kwangu, hukuiokota njiani. Ule bwana yako nilimukasirikia, sasa imetosha. Ukuje naye, atakula. Lakini radhi mi siwezi kuitoa kwa mashini. Radhi ni mukono kwa mukono. Ukuje uikamate hapa. Mi nakungoja. Usikawie, mutoto yangu. Miguu imenichoka, na mwili yote inafuata miguu."

Halafu anachovya kidole chake mwenyewe, anajiwekea tone kiganjani, anasema, "Hii ni ya Bushira." Basi. Wakwe wanaingia.

Nimehesabu mara moja tu, sitaki kuhesabu tena. Harusi ilikuwa mwanzo wa Novemba. Mama alikufa mwisho wa Desemba. Siku zote hizo alikuwa ananingoja. Kila gari likisimama nje labda aliuliza ni nani. Na wewe ulikuwa unajua. Usiniambie hukujua kwa sababu picha haikuonekana. Sauti ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ulikaa mbele ya kile cheusi kwa Gentil ukamsikia Mama ananiita, ukatoka pale na kadi mkononi, ukarudi nyumbani, ukamkuta yu hai, ukamwambia nini? Kwamba nimeiona filamu nikanyamaza? Kwamba sikuja?

Nijibu hilo. Mengine sitaki.

Bushira


Gisenyi, 14 Februari 2024

Dada,

Ndiyo, nilisikia. Gentil naye alisikia, yuko ukutani na kikombe chake cha chai, nikaona shingo yake inatoka jasho. Unataka nikatae? Sikatai.

Mama aliniuliza mara mbili kama umeipata filamu. Nikamwambia imeharibika. Hilo halikuwa uongo, Gentil alikuwa ameshasema. Mara ya tatu hakuniuliza.

Sasa nisikilize na wewe. Miaka minane nani alimwogesha Mama? Nani alifunga duka saa ya biashara, wateja wa Goma wamesimama na pesa mkononi, kwa sababu Mama ameita na anataka kugeuzwa? Nani alitafuta maziwa ya Mudende kila asubuhi kwa sababu ya hapa mjini anasema yana maji? Bwana wangu alichoka akaenda zake, hilo unalijua, na kwa nini alichoka unalijua. Nilibaki na Mama na Kamikazi na beseni. Sikulalamika. Siku moja tu, Bushira, siku moja, napiga goti mbele yake na bakuli, mwenyewe nimeponda majani, mwenyewe nimekamua ndimu, ananikunjia ngumi. Hii si ya we. Hakuna mtu aliyeona. Lakini mimi niliona.

Na ungekuja ingekuwaje? Ungeshuka kwenye basi na kitenge chako kipya, ungepiga magoti, ungelia, angekupa mkono na radhi yake yote, na kabla ya magharibi ungekuwa barabarani kurudi Kigali kwa bwana wako. Mimi ningebaki kumwaga maji ya beseni. Yewe! Mnaoondoka mnapendwa kweli kweli. Tunaobaki tunatumwa.

Tena nikuulize. Barabara ya Kigali iliwahi kufungwa? Mimi nilikudanganya mara moja, ya hina. Ile miaka mingine yote nani alikufunga miguu? Mwana anayetaka radhi hapigi simu kuuliza "naweza kuja." Anakuja, anafukuzwa, anarudi tena. Wewe ulifukuzwa mara moja ukaona inatosha.

Jumamosi ya tarehe ishirini na nne tunamsomea Mama hitima, na baada ya chakula Kamikazi anataka wanawake waione filamu kabla hajaondoka. Naomba kipande kile ukikate. Nimemlea mtoto huyu, sitaki aende kwake Kampala ananiona mimi ni mtu wa namna ile. Wewe huna mtoto, hutaelewa, lakini fanya.

Na uje. Chumba cha Mama nimekifagia. Mlango uko wazi sasa.

Kaltumu


Nyamirambo, 21 Februari 2024

Kaltumu,

Filamu hii hapa, imekamilika. Inafunguka kwenye kompyuta yoyote, hata ya Gentil, hata simu ya Kamikazi. Kipande cha tatu nimekiondoa. Pale kilipokuwa nimebakiza mwisho wake tu, wakwe wanavyoingia sebuleni na vigelegele, hakuna atakayehisi kitu. Sikukuondolea wewe. Nimemwondolea Kamikazi, ambaye aliiweka kamera, akaigeuza ilivyotakiwa na bibi yake, na siku akijua alichokuwa amekigeuzia atajilaumu bure maisha yake yote. Akiniuliza nitamwambia kadi ilikuwa mbovu. Umenifundisha.

Ulivyosema kuhusu beseni ni kweli. Ulimtunza, na Jumamosi watu watakusifu kwa hilo, na wakikusifu usiangalie chini, unastahili. Ulivyosema kuhusu barabara ni kweli pia. Ningekuja bila kuuliza. Nilikuwa na kiburi, nikadhani Mama ana siku nyingi. Hilo nitalala nalo mimi, huna haja ya kunikumbusha.

Ila haya mawili hayalingani, na usijaribu kuyapima kwenye mizani moja kama vitenge vyako. Mimi nilichelewa. Wewe ulisimama katikati. Alikuuliza mara mbili, umeandika mwenyewe kwa mkono wako. Mara ya tatu hakuuliza kwa sababu hadithi ya kuharibika hakuiamini, alishaamini kwamba nimemsikia na nimekataa. Amekufa akiamini hivyo. Ningeweza kustahimili kufa kwake hajanipa radhi. Siwezi kustahimili kwamba alinipa nafasi, akanisubiri, na akaenda kaburini anadhani mimi ndiye niliyemnyima.

Nimeisoma barua yako yote, nikairudia, natafuta neno moja humo ndani. Umeomba nikate. Umeomba nije. Kusamehewa hukuomba. Pengine unaona huhitaji, au pengine unajua mwenye haki ya kusamehe kwanza si mimi.

Unasema sina mtoto, sitaelewa. Basi sawa.

Chumba cha Mama mpe mpangaji. Yeye aliniita, sikumsikia. Wewe unaniita, nakusikia vizuri sana, na siji.

Bushira